Mipira ya jua kali ya kuzuia maji kwa injini ya HiAce: uzoefu wangu

Nina HiAce ya petroli ya 1996, ile ya injini 1RZ chini ya siti za mbele, nabeba nayo viazi na kabeji kutoka Molo nashukisha Kibuye hapa Kisumu. Kwa miaka miwili mvua imenitesa. Ikinyesha kidogo tu Kericho ama nikikanyaga dimbwi pale Ahero gari inaanza kumis, inakohoa inakataa kuvuta, na mara ya mwisho ilizimika kabisa Londiani saa mbili usiku na mwenye mzigo amekaa kando yangu ananiuliza "mwanangu, hizi kabeji zitafika kweli?" Sikuwa na jibu.

Mimi nilidhani maji yanatoka juu. Nikanunua sili ya mpira nikazungusha kava yote ya injini kwa gamu, ikapunguza joto na harufu ya mafuta ndani lakini kumis kuko palepale. Gereji moja wakanipulizia spreyi kwa waya, ikasaidia siku tatu hivi.

Mwishowe nikaenda kwa fundi mmoja wa jua kali hapo Kibuye, na yeye alilala chini ya gari kabla hata ya kutaja bei. Kumbe zile kava za ndani ya madgadi, za kuzuia tope la tairi ya mbele, hazipo zote mbili, mafundi waliotangulia walizifungua wakaona ni kazi kuzirudisha, kwa hivyo tairi ikikanyaga maji inayarusha moja kwa moja mpaka kwa distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi. Akapima na katoni kwanza, akakata mpira mzito wa kanveya, ule mkanda wa kusafirisha vitu viwandani, wenye nyuzi ndani, akafunga na boti kwenye tundu zilezile za zamani bila kutoboa bodi, na hapo nilimheshimu sana maana kila tundu jipya ni kutu. Akanyonga usukani mpaka mwisho pande zote kuona kama tairi inagusa. Upande wa ekzosi aliacha nafasi mpira usiungue, na mbele ya rejeta hakuziba kitu.

Giza lilipoingia akainua siti, akarashia waya za plagi maji kidogo injini ikinguruma, jamani, cheche za buluu zikawa zinatembea juu ya waya! Zilikuwa na nyufa. Tukabadilisha waya na kifuniko cha distributa, na kwa zile kofia za plagi akapaka grisi ya silikoni ndani. Mipira na kazi 3,200, waya na kifuniko 4,500.

Nimeendesha hivyo tangu Machi, mvua ndefu yote. Kericho mvua ya mawe ilinipata mpaka lami ikawa nyeupe, ikayeyuka ikawa mto, na gari haikumis hata mara moja. Shida ni kwamba boti moja ya kushoto ililegea mpira ukaanza kugonga, so mwambie fundi aweke washa pana, ile ringi ya chuma inayokaa chini ya nati, na tope linajaa nyuma ya mpira lazima uoshe. Na tafadhali usiingie mafuriko kwa sababu una mipira, maji yakivutwa kwa ea klina injini inaweza kupinda konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni. Mwezi jana Ahero nilisimama saa nzima na mzigo wangu nikingoja yashuke.

Kabla mvua za Oktoba namrudia aniwekee na kipande cha upande wa alteneta.