Ritada ya Kupimia Injini: Nenda na Fila Mfukoni

Wenye gereji wa Moshi na Arusha wananiandikia malalamiko yaleyale. Wamenunua ritada ya umeme (breki ya sumaku ya kupunguza mwendo) iliyotolewa kwenye basi, wameifunga stendi ili kuipa mzigo injini iliyotoka ovahoo, mambo yamekwenda vizuri dakika chache, kisha joto limepanda na ritada imeanza kusaga. Muuzaji hapokei simu.

Wazo lenyewe ni zuri. Mfaransa Raoul Sarazin aliipatia hataza ritada ya namna hii mwaka 1936, na hadi leo kanuni ni ileile: koili zinafanya sumaku, rota ya chuma inapita mbele yake, umeme unazaliwa ndani ya rota na kuizuia. Hakuna lining ya kulika. Ila nguvu yote ya injini inaishia kuwa joto la rota. Chukua 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser za watalii: Nm 285 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwa mizunguko 2,200 kwa dakika ni kama kW 65, jiko kubwa hilo. Ukiiacha stata (sehemu ya koili isiyozunguka) icheze na ukaifunga mkono wa mita 1 unaokandamiza mzani, utasoma karibu kilo 29. Kwa Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, utasoma pungufu, maana injini isiyo na tabo (turbo) huku inavuta hewa nyepesi. Usimgombeze fundi wa pampu ya dizeli.

Watu wanauliza Nm. Ulizeni gapu! Kati ya rota na nguzo za koili kuna upenyo, kwenye nyingi ni karibu milimita 1 tu. Rota iliyowahi kuungua inajikunja kama sahani, ukingo wa nje ukisogelea koili. Ikiwa baridi inazunguka kwa mkono bila kelele, ndiyo maana muuzaji anakuzungushia akitabasamu. Ikipata moto, inagusa. Pitisha fila (vibati vyembamba vya kupimia upenyo) ukingoni, kisha ndani karibu na shafti, halafu zungusha robo na upime tena, pande zote mbili. Ndani ikipita na nje ikakwama, weka hela mfukoni. Angalia pia shimu, zile pleti nyembamba za kupangia gapu: wapo wanaozipunguza makusudi ili ritada ishike kwa nguvu siku ya kujaribiwa. Na hata rota nzima ikipata moto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu, kwa hiyo namba ya kwenye kibao cha kiwandani isomeni kama ya ritada baridi.

Namba moja kwangu ni Telma Axial, na sifichi upendeleo. Ina shafti yake, beringi zake na flenji mbele na nyuma, basi unaiunganisha kwa propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye defu) na kuining'iniza. Ya pili ni Frenelsa ya Hispania, mradi uchukue yenye beringi zake. Ya tatu, Telma Focal: imetengenezwa kufungwa kwenye giaboksi au defu, haina beringi, kwa hiyo shafti na gapu vyote vinamwangukia fundi wa leti (mashine ya kukereza chuma). Akikosea kidogo, umenunua nanga. Zisizo na kibao, za bei ya kutupa, ni za kuchukulia koili.

Voith ni breki ya mafuta, haizuii kwa koili, lakini ukienda Unga Ltd, Arusha, ukauliza ritada utaonyeshwa hiyo pia. Na kwa injini ya petroli ya mizunguko 6,000, achana na ritada kabisa: rota hizi ni za mwendo wa propela.

Umeme wa ritada nyingi za mabasi ni volti 24. Swichi ya basi inapandisha kwa ngazi, na kila ngazi injini inashtuka, kwa hiyo tenga fungu la kontrola inayopandisha taratibu.

Sasa bei. Muuzaji anaipima ritada kwa shaba iliyomo, anaongeza nauli, halafu anaongeza "imetoka kwenye basi la Mchina, dada, mpya kabisa." Ukitoa fila anakasirika kama umemwita mwizi. Mmoja aliniambia kupima ni kwa anayenunua tu, nilipie kwanza. Nilirudisha fila kwenye mkoba, nikavuka barabara kwa jirani yake, ambaye alinishikia tochi mwenyewe.