Figma kwa ofisi ya ubunifu wa tovuti: inapofaa na inapokwamisha

Tangu ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2016, Figma, programu ya kuchora kurasa za tovuti, imeingia katika ofisi za ubunifu kwa sababu moja kubwa: watu wengi wanafanya kazi ndani ya faili moja, kwa wakati mmoja, kwenye kivinjari. Mbunifu anapanga ukurasa, mwandishi anarekebisha maneno palepale, na mteja anafungua kiungo na kuacha maoni bila kulipia chochote. Hakuna tena kutumiana nakala za faili kwa barua pepe na kubahatisha ipi ni ya mwisho. Kwa hilo pekee inastahili sifa.

Lakini faili nzuri machoni inaweza kuwa mzigo kwa msanidi, yule anayeigeuza kuwa tovuti halisi. Tofauti iko kwenye Auto Layout, mfumo wa kupanga vitu vijirekebishe vyenyewe nafasi inapobadilika, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chagua vitu, bonyeza Shift+A, kisha kipe kila kimoja tabia yake: Hug, kifuate ukubwa wa kilichomo, Fill, kijaze nafasi iliyobaki, Fixed, kibaki na kipimo kilekile. Kitufe kiwe Hug, chenye pikseli 16 za nafasi kushoto na kulia. Aya ndani ya kadi iwe Fill. Kosa linalojirudia ni kitufe cha Fixed kilichopimwa kwa neno “Lipa”. Mteja akitaka “Endelea na malipo”, maneno yanamwagika nje ya kingo. Maandishi ya Kiswahili mara nyingi ni marefu kuliko yale ya Kiingereza yaliyochorewa kiolezo, kwa hiyo kasoro hii hujitokeza mapema.

Kipimo chake ni rahisi: shika ukingo wa fremu (kisanduku kinachobeba ukurasa), uvute kutoka pikseli 1440 hadi 360, upana wa simu nyingi za Android. Vitu vikipandana, ukurasa haujawa tayari kukabidhiwa. Weka pia upana wa chini na wa juu kwa kadi na safu za maandishi. Hata hivyo Auto Layout haigeuzi menyu ya kompyuta kuwa ya simu. Fremu ya 360 na ya 1440 lazima zichorwe zote mbili, na ya 768 iongezwe pale mpangilio unapobadilika kweli.

Rangi zihifadhiwe kwa majina ya kazi zake, mfano “kitendo/kuu”, si “bluu”. Mteja akibadilisha rangi ya chapa, unagusa sehemu moja tu. Adui wa mpango huo ni komponenti (kipande kinachotumika tena na tena, kama kitufe) iliyotenganishwa na asili yake kwa Ctrl+Alt+B: mabadiliko hayaifikii tena, na kwa macho huwezi kuitambua mpaka siku vitufe viwili vinapotofautiana.

Kumbukumbu ni kero nyingine. Faili lina kikomo cha kumbukumbu cha GB 2 kwa kila tabu ya kivinjari, na tabaka zilizofichwa nazo huhesabiwa. Punguza picha kabla ya kuziingiza. Picha inayozidi pikseli 4096 upande mmoja hupunguzwa na Figma yenyewe. Mtandao ukikatika, faili lililokwisha kufunguka huendelea kuhaririwa na mabadiliko hupanda ukirudi. Faili ambalo halijafunguliwa hulipati. Kwa kikao na mteja, toa PDF ya fremu mapema.

Mpango wa bure unaruhusu faili 3 za ubunifu kwenye timu, na historia ya matoleo ya siku 30. Ofisi yenye wateja kadhaa hulazimika kulipa, na malipo huenda kwa kiti, yaani nafasi ya mtumiaji mmoja, si kwa kazi. Kila anayepewa uwezo wa kuhariri anaweza kuongeza ankara, wakiwemo vibarua waliokwisha kumaliza mkataba. Msimamizi apitie orodha ya viti kabla ya tarehe ya kulipa. Dev Mode, sehemu ya msanidi ya kusoma vipimo na msimbo, nayo inahitaji kiti cha kulipia.

Ofisi ambayo ankara hiyo inaiumiza ijaribu Penpot, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Msimbo wake uko wazi, unaweza kuiweka kwenye seva yako, na mpangilio wake unafuata flex na grid, njia za kupanga ukurasa za CSS, lugha ambayo msanidi anaizungumza kila siku.