Maranda ya fundi wa Kisumu Ndogo Malindi, nimeyatumia miezi minne sasa

Mimi nahudumia nyumba ya wanyama wa majaribio ya chuo kimoja hapa pwani, panya weupe wa aina ndogo na aina kubwa na sungura wachache, na kitu kinanisumbua kichwa kila mwezi ni maranda ya kuwatandikia. Watu huona maranda ni takataka za seremala za kuwashia moto tu, lakini panya analala humo, anaenda haja humo, anazalia humo, usiku na mchana, na hana pengine pa kwenda.

Mtu wa kwanza aliyekuwa akituletea, simtaji, alikuwa anajaza gunia unga wa mbao mtupu na vipande vya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Wiki ya pili panya wa aina kubwa wakaanza kupiga chafya na kutoka kitu chekundu machoni na puani, ukitazama utasema damu kumbe ni majimaji yao tu hutoka hivo wakiwa na dhiki. Niliumia sana wallahi.

Huyu fundi wa Kisumu Ndogo nilimwendea nikamwamkia, nikamweleza sitaki vumbi, sitaki vanishi, na sitaki mwerezi wala paini mbichi manake ile harufu huamsha vimeng'enya vya ini, vile huvunjavunja dawa mwilini, sasa mwanafunzi akijaribu dawa kwa panya huyo majibu yanapinda na panya ametumika bure. Mzee akaweka randa chini akaniuliza, "Kwa hivyo mwanangu wataka mbao ngumu iliyokauka, isiyonuka?" Ndiyo hiyo. Tangu siku hiyo ananitengea gunia lake pembeni, na mengi ni ya randa ya mkono, yale marefu yaliyojikunja kama pete, sio chenga za mashine. Tukifika nayo tunayapitisha kwanza kwa otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, nyuzi 121.

Usiku wa kwanza nilimwekea panya mmoja wa aina ndogo, mwenye mimba, konzi mbili za maranda na karatasi ya tishu. Asubuhi nikakuta ameirarua tishu nyuzi nyuzi, amesuka na yale maranda kiota kama bakuli, mpaka juu ameziba, na watoto ndani wekundu hata manyoya hawana. Na chumba chetu kina AC, kwetu sisi ni raha lakini kwa panya ni baridi, kwa hiyo kiota ndio blanketi lake.

Tulifundishwa zile kanuni tatu za wanasayansi Russell na Burch za mwaka 1959 kuhusu wanyama wa utafiti: kubadilisha wanyama kwa njia nyingine, kupunguza idadi yao, kuboresha hali yao. Kama watatumika panya kumi au hamsini hilo sio langu, kuna kamati na kuna sheria, lakini kuboresha kuko kwenye mikono yangu na ya huyu mzee, na yeye amelichukulia kwa uzito kushinda watu wengi waliosoma.

Kasoro ni moja, hana stoo. Mwezi wa tano mvua ilinyesha magunia mawili yakalowa, nikafungua nikasikia uvundo wa ukungu, nikayarudisha na akanibadilishia bila maneno. Kwa hivyo msimu wa mvua shika gunia, tia mkono mpaka chini, ukihisi unyevu usichukue. Na nenda asubuhi mapema, mchana huwa ashaanza kuranda mbao za vitanda na hapo kila kitu kinachanganyika.