Injini ya 1JZ ndani ya Toyota Mark II GX90: inaufaa mlima wa Mbeya?

Habari zenu wadau, karibuni gereji, tuko Mwanjelwa. Boneti iko wazi mnajionea: Mark II GX90, na ndani injini yake ya kiwandani, 1G-FE, haipo tena. Kuna 1JZ-GE, ile ya mwanzo, ya distributa (kigawa moto wa plagi), kabla ya VVT-i, ule mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka. Mnaniuliza kila siku: 1G ikichoka, niifanyie ovahoo, yaani niifungue yote niifufue, au niibwage niweke 1JZ?

Tuanze na mlima, maana huku ndiko gari linakopimwa. 1G ya GX90 ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 135, hii 180. Sasa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) inapoteza karibu asilimia 15. Ile 1G hapa inabaki na 115 hivi. Pandisha nayo Uyole kwenda Isyonje, watu wanne na gunia la viazi kwenye buti, utanielewa. 1JZ inapanda huku mnapiga stori. Hapo sina ubishi.

Kuingia inaingia, maana Toyota wenyewe waliuza mwili huuhuu ukiwa na 1JZ, ndiyo JZX90. Kazi iko kwenye nyaya. Oneni hii: wayaringi nzima, haijakatwa, na kontrol boksi yake, ile kompyuta ya injini. Ukiletewa injini nyaya zimekatwa karibu na soketi, mwachie mwenyewe hata akikupunguzia bei. Hicho alichopunguza kitaishia kwa fundi umeme.

Halafu sampu, bakuli la oili chini ya injini. Sogeza kamera hapa. Hii ni beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki: kijivu kilichofifia, hakuna mikwaruzo. Ukiona wekundu wa shaba, injini hiyo inadai ovahoo, na wewe umeshalipia nzima. Muuzaji hataki sampu ifunguliwe? Ondoka. Injini ikiwa bado chini, haijapachikwa, weka taiming belti mpya, wota pampu, na sili ya nyuma ya krenki. Sili yenyewe bei ndogo, ila ukiifuata baadaye unashusha gia boksi.

Sasa hili linanikera. Kuna mafundi wanatoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta injini ikiwa baridi, eti gari lisichemshe. Jamani, asubuhi ya Juni huku, baridi ya kutoa moshi mdomoni! Injini haipati joto lake, kontrol boksi inajua ndiyo kwanza imewashwa, inazidi kumwaga petroli. Kesho mnakuja kulalamika 1JZ inakunywa. Kama linachemsha, angalieni mfuniko wa rejeta. Kwa mwinuko huu maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwenye gari, presha ya mfuniko ndiyo inayoyazuia. Mpira wake ukikauka, nunua mwingine.

Na ndiyo, kunywa inakunywa hata ikiwa nzima. Ni cc 2,500, silinda sita, na foleni ya Mafiati hapa mjini haina huruma.

Kadi ya gari nendeni TRA mkabadilishe namba ya injini na ujazo wake, msisubiri siku ya kuuza.

Kwa hiyo mimi nasemaje? Kama 1G yako inatoa moshi wa bluu tu, bloku nzima, haijawahi kuchemsha, na safari zako ni za hapa mjini, Soweto na Kabwe, piga ringi za pistoni na sili za valvu uendelee. Anayepanda Isyonje na mzigo kila wiki, huyo atafute 1JZ, seti kamili.