Hati za asili ya jina la ukoo: kabla hujaagiza

Huduma za mtandaoni zinazouza hati ya asili na maana ya jina hufanya kazi karibu kwa mtindo mmoja. Unajaza jina, unachagua fremu, unalipa, kisha unaletewa karatasi yenye jina kwa Kiarabu, aya moja ya historia na nembo. Kwa majina ya Kiarabu ya pwani yetu, kasoro huanzia kwenye fomu.

Fomu hupokea herufi za Kilatini tu. "Hakim" ikiandikwa hivyo yaweza kuwa mwenye hekima (irabu ya pili ikivutwa) au mtawala (ya kwanza ikivutwa). H yetu nayo hubeba ha zote mbili za Kiarabu, na mara nyingine hata kha, kama katika Hamisi. Programu hukisia, na herufi moja ikikosewa maana yote imehama. Huduma isiyouliza jina linaandikwaje kwa Kiarabu usiipe pesa yako.

Chukua Mazrui. Hati hutafsiri mzizi wake, kupanda mbegu, halafu zikasema ukoo huu ni wa wakulima. Mzizi ni sahihi, hitimisho si sahihi. Jina hili ni nisba: ile i ya mwisho humfunga mtu na watu wake, yaani Wamazrui wa Oman, ambao tawi lao lilitawala Mombasa hadi 1837. Aya ya historia isiyogusa Oman wala Mombasa imefungua kamusi tu, ukoo haijaufikia. Na Mazrouei wa Falme za Kiarabu ni jina hilo hilo kwa tahajia nyingine; kuna hati zinazoyapa maana mbili.

Haddad ni gumu zaidi. Neno ni mhunzi, hilo halina ubishi. Ila Syria na Lebanon linabebwa na familia nyingi za Kikristo, na Hadhramaut, kusini mwa Yemen, ni lakabu ya masharifu, akiwemo Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad aliyefariki 1720, mwenye ile ratibu (mpangilio wa dua na dhikri) inayosomwa pwani. Hati inayowapa wote babu mmoja inapotosha nasaba, na nasaba si jambo la kuchezea.

Angalia pia "Al". Katika al-Busaidi ni kitambulishi, kama "the" ya Kiingereza, huandikwa kwa kushikana na jina. Katika Al Said, ukoo unaotawala Oman, ni neno kamili lenye maana ya watu wa nyumba ya fulani: alifu yake ina madda (alama ya kuvuta sauti) juu, na huachwa nafasi kabla ya jina.

Nembo ikataeni. Ngao za ukoo ni desturi ya Ulaya; makabila ya Oman na Hadhramaut hayakurithishana kitu hicho.

Mwisho, chapa. Programu mbovu hutenganisha herufi au huzigeuza zisomeke kutoka kushoto. المزروعي lazima iwe na vipande vitano: alifu peke yake, lam-mim-zai pamoja, ra, wau, halafu ain na ya zimeshikana. Vikiwa vinane, yaani kila herufi peke yake, rudisha.

Pesa hiyo ingefaa zaidi kwa mwandishi wa khati, yaani maandishi ya Kiarabu ya sanaa, aandike jina tu. Tahajia itoeni kwenye cheti cha ndoa cha zamani, wasia, hati ya wakfu au jiwe la kaburi la babu, mahali ambapo jina liliandikwa kwa Kiarabu kabla ya kupita kwa karani wa Kizungu.