Hisa za Jumamosi tatu zimepotea, Prolog kimya

Niliandika programu ya kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kwa Prolog, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kanuni za mkopo zilinichukua jioni moja: hadi mara tatu ya hisa zako, usiwe na faini, wadhamini wawili. Unaandika karibu kama unavyomweleza mtu. Lugha hii ilizaliwa Marseille mwaka 1972 na hadi leo inanipa raha.

Kuhifadhi ndiko kulikonichoma. Ukiipa taarifa kwa amri ya assertz, inakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, ukizima, imekwenda. Nikachukua kifurushi, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, kinachoandika kwenye faili taarifa za moduli moja (sehemu ya programu yenye majina yake yenyewe), nikakifunga kwenye moduli ya hisa. Fomu ya kuingizia niliiweka moduli nyingine, nikasahau kuziunganisha. Basi kila mama akilipa, assertz inaunda orodha nyingine yenye jina hilo hilo la hisa humo humo kwenye moduli ya fomu, ambayo haiandikwi kwenye faili. Hakuna onyo, hakuna kosa. Ukiuliza mtu ana hisa ngapi, jibu linakuja, tena sahihi! Jumamosi tatu tunapiga makofi. Kisha umeme ukakatika, betri ikaisha, na nilipowasha tena faili lilikuwa tupu.

Mama mweka hazina akafungua daftari lake, akaanza kunisomea jina moja moja, bila kunilaumu. Hapo ndipo nilipoumia.

Nikawaandikia wenye kifurushi. Wakajibu: “Soma mwongozo.” Basi! Mwongozo nimeusoma wote. Unasema faili ni la moduli. Hausemi popote kwamba moduli jirani inaweza kuzaa jina lile lile na mfumo ukanyamaza. Kuhamia mfumo mwingine wa Prolog nako si dawa: kiwango cha kimataifa (ISO) cha lugha hii cha 1995 hakikugusa moduli, sehemu ya moduli ikatoka 2000, na watengenezaji wengi wakaipuuza. Kila mfumo na moduli zake.

Nilitaka kutoa nyota moja. Nusu ya kosa ni langu, nakubali, na tangu nianze kutaja moduli na nukta mbili kila ninapoandika taarifa, hakijapotea kitu. Kwa hiyo nyota tatu. Lakini nikikumbuka zile fedha ni za vitumbua na mchicha, za watu wanaoamka saa kumi alfajiri, hapana, mbili. Kwa kanuni, chukueni bila wasiwasi. Kwa hisa, nimemwomba mama mweka hazina aendelee na daftari lake.