Uzoefu wangu: kompyuta ya steshenari na masasisho yasiyosubiri ruhusa

Ninaendesha steshenari ndogo mjini Morogoro, hatua chache kutoka lango la chuo, na kwa miaka minne sasa kazi yangu yote inapitia katika kompyuta mpakato moja niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika nje ya nchi. Ilikuja na mfumo endeshi wa Windows, toleo la nyumbani (Home), ule ambao wengi wetu tunaukuta ndani ya mashine bila kuuchagua. Kwa kuchapa, kuskani, kuwatumia watu maombi yao ya kazi na ya vyuo, na kupanga kurasa za ripoti, sina lawama nao. Unafungua kila faili ninaloletewa, unaitambua printa ninayoichomeka, na mteja akiketi mbele yake anajua pa kubonyeza. Ninalotaka kulieleza kwa urefu ni jinsi unavyojisasisha kwa lazima, na saa unazozichagua kufanya hivyo.

Mwaka jana, siku ya Jumatano, alikuja binti mmoja wa mwaka wa mwisho na flashi yenye ripoti yake ya utafiti. Zilikuwa kurasa 87, naye alitakiwa kukabidhi nakala tatu zilizobaindiwa kesho yake saa tatu asubuhi. Orodha ya yaliyomo ilikuwa imevurugika, kwa sababu majedwali ya sura ya nne yalilazwa kwa upana na namba za kurasa zikaanza upya katikati. Tulikaa naye karibu saa nzima tukizirekebisha moja baada ya nyingine, kisha nikamtolea nakala ya rasimu ili aipitie kwa kalamu kabla hatujachapa za mwisho. Akavuta kiti kando ya meza akaanza kusoma, nami nikaenda kwenye mashine ya kopi kuwahudumia watu waliokuwa wamepanga foleni mlangoni. Kwa kama robo saa hakuna aliyegusa kibodi.

Nilishtuliwa na sauti yake: "Dada, mbona kioo kimebadilika?" Nilipogeuka niliona rangi ya buluu imejaa kioo kizima, nukta nyeupe zinazunguka, na chini yake maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba masasisho yanaendelea, asilimia 27, usizime kompyuta. Binti alikuwa amesimama, rasimu mkononi, kalamu bado imeshikwa kwenye ukurasa wa 41. Aliniuliza kazi yake iko wapi, na sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa marekebisho ya mwisho sikuwa nimeyahifadhi.

Ilipofika asilimia 30 mashine ilizima, ikawaka, ikaanza kuhesabu tena. Ilipotukubalia kuingia, dakika 45 zilikuwa zimepita na wateja watatu wameondoka. Programu ya kuandikia ilitupa nakala iliyojihifadhi yenyewe, lakini ilikuwa ya kabla ya marekebisho ya sura ya nne, kwa hiyo tukaanza upya kuhesabu kurasa. Tulimaliza kubaindi saa tano na nusu usiku. Nilimtoza gharama ya karatasi peke yake, nikamsubiri mpaka bodaboda anayemfahamu alipokuja kumchukua, maana isingekuwa haki kumwacha barabarani usiku ule kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Baada ya siku ile niliamua kuelewa hasa nini kilitokea, na nililolikuta ndilo linalonifanya niandike. Mfumo huu una mpangilio unaoitwa saa za kazi, yaani saa ambazo umeahidi kutojiwasha upya wenyewe. Mashine yangu ilikuja ikiwa imepangiwa saa 8:00 hadi saa 17:00 kwa hesabu yake inayoanzia usiku wa manane, ambazo kwetu ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Huo ni muda wa mtu wa ofisini. Steshenari iliyo karibu na chuo huwa kimya wakati wanafunzi wako darasani, na hujaa kuanzia saa kumi na moja jioni wanapotoka mpaka saa nne usiku. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa inalinda saa nilizokuwa nikifagia na kupanga rimu, na kujipa ruhusa katika saa ninazopata riziki. Kibaya zaidi, hupima matumizi kwa kuguswa. Haina namna ya kujua kwamba mtu aliyeketi kando yake akisoma karatasi kwa kalamu yumo katikati ya kazi ileile.

Nikaelewa pia kwa nini ilikuwa Jumatano. Mtengenezaji, yaani Microsoft, hutoa viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba matundu ambayo virusi hupitia) Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani, na kwetu Afrika Mashariki inakuwa saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao. Mimi nikifunga ofisi Jumanne, mashine bado haijapata chochote. Nikiiwasha Jumatano na kuiunganisha na simu, huanza kupakua, na ikifika jioni huwa inasubiri tu mwanya wa kujiwasha upya. Tangu nilipolijua hilo nimerudi nyuma katika kumbukumbu na kugundua kwamba jioni nyingi nilizoziita mbaya zilikuwa za wiki ya pili au ya tatu ya mwezi.

Nimesema nimeiunganisha na simu, na hapo pana hasara ya pili. Sina intaneti ya waya, natumia bando. Kiraka cha mwezi mmoja huwa na mamia ya megabaiti, na lile sasisho kubwa linalobadilisha toleo linaweza kupita GB 3. Kuna wiki niliyonunua bando Jumatatu nikitegemea linifikishe Jumapili, likaisha Alhamisi nikiwa katikati ya kumtumia kijana mmoja maombi yake ya kazi siku ya mwisho ya kupokelewa. Ilibidi nikimbilie duka la jirani kununua jingine wakati yeye akitazama saa. Mtu aliyeunda utaratibu huu nadhani alikuwa amekaa mahali ambapo intaneti inatiririka kama maji ya bomba na bili huja ileile mwisho wa mwezi.

Fundi wangu aliponisikia akasema tiba ni moja, tuizime huduma ya masasisho kabisa. Nilikubali, na kwa miezi saba nilikaa kwa amani. Nawaomba wenzangu wenye steshenari wasikilize lililofuata. Kwa siku hupokea flashi zisizopungua thelathini, kutoka hosteli, maofisini na kwenye maktaba, na kila moja hujui imetoka kwenye kompyuta gani. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya mfumo huu hupata orodha mpya ya virusi kupitia huduma ileile tuliyoizima, nami sikulijua hilo. Asubuhi moja wateja walianza kurudi wakisema mafolda yao yamegeuka kuwa njia za mkato (shortcut) na mafaili hayaonekani. Virusi vilikuwa vimekaa kwenye mashine yangu, vikipanda kila flashi iliyochomekwa. Mafaili yenyewe hayakufutwa, yalifichwa tu, na tuliyarudisha kwa siku mbili za kazi, lakini mwalimu mmoja mwenye mitihani kwenye flashi yake hajarudi kwangu hadi leo, na simlaumu.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema masasisho ni usumbufu mtupu. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipoenea duniani na kufunga kompyuta za hospitali nchini Uingereza hata wagonjwa wakarudishwa, kiraka cha kuziba tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka uleule. Waliokumbwa ni wale ambao mashine zao zilikuwa bado hazijakipata. Nalifahamu hilo na nalikubali. Sasisho ni la lazima kama chanjo, ila hata muuguzi wa chanjo hutangaza siku ya kliniki kabla, na hamdungi mtu sindano akiwa amebeba ndoo ya maji kichwani.

Liko pia suala la umeme, ambalo nitaligusa kwa ufupi kwa sababu kila anayeishi huku analielewa. Kioo kinapoandika "usizime kompyuta", kinadhani kuzima kuko mikononi mwangu. Betri ya mashine yangu hukaa dakika ishirini. Umeme ulikatika sasisho likiwa katikati, na uliporudi mashine ilichukua zaidi ya saa moja kurudisha mabadiliko iliyokuwa imeanza, kisha siku mbili baadaye ikaanza upya. Usiku mwingine nilichagua kitufe kinachosema isasishe kisha izime, nikafunga mlango, na asubuhi nikaikuta inawaka, feni inazunguka, imekula uniti za umeme usiku kucha.

Sasa hivi ninafanya hivi, na kwa kiasi kikubwa imenisaidia. Kwenye mipangilio nimebadilisha saa za kazi ziwe kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita usiku, ambazo kwenye kioo zinaandikwa 7:00 hadi 0:00. Upeo unaoruhusiwa ni saa 18, kwa hiyo hata anayefunga saa saba usiku bado anaenea. Msijaze kwa hesabu yetu ya saa, maana mtu akiandika 1 akimaanisha saa moja asubuhi, mashine itaelewa saa saba usiku. Nimeuweka mtandao wa simu yangu kuwa mtandao wenye kipimo (metered), yaani ule ambao data yake ina kikomo, kwa kubonyeza jina lake kwenye orodha ya waifai na kuwasha swichi iliyo chini yake. Tangu hapo masasisho makubwa hayapakuliwi kwa bando, ingawa machache yanayohesabiwa kuwa ya dharura bado hupita. Wiki za kukabidhi ripoti na za mitihani hubonyeza kitufe cha kusimamisha masasisho. Kinaruhusu mpaka siku 35, na baada ya hapo ni lazima uyapokee yaliyokwisha kutolewa ndipo ukubaliwe kusimamisha tena. Na Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, ninakwenda ofisini mlango ukiwa umefungwa, naazima intaneti ya waya ya jirani yangu mwenye duka la dawa, naacha mashine ifanye yote huku nikiwa nimeketi pale.

Kitufe hicho cha kusimamisha kilifika kwenye toleo la nyumbani mwaka 2019. Tangu 2015, mfumo wa kulazimisha ulipoanza, wenye toleo la nyumbani hatukuwa nacho, ilhali wenye toleo la biashara, ambao hulipa zaidi na mara nyingi wameajiri mtaalamu wa kompyuta, waliweza kuahirisha. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Kampuni yenye mtaalamu wake ingeweza kustahimili jioni moja ya mashine kulala. Aliyenyimwa uamuzi ni mwenye mashine moja, asiye na ya akiba. Wala si sisi wa huku peke yetu. Mwaka 2016 mwanamke mmoja mwenye ofisi ndogo ya safari huko California, ambaye kompyuta yake ya kazi ilijibadilisha toleo bila idhini yake ikabaki haifanyi kazi ipasavyo, alishinda kesi katika mahakama ya madai madogo na kulipwa dola 10,000. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria binti yule na kalamu yake kwenye ukurasa wa 41, ambaye hakuna mahakama ya kumrudishia usiku wake.

Ningeomba mambo mawili kwa mtengenezaji, na yote yanawezekana. Kwanza, mashine isijiwashe upya kamwe ikiwa kuna andiko lililo wazi na halijahifadhiwa, hata kama hakuna aliyegusa kibodi kwa nusu saa. Pili, siku ya kwanza mtu anapowasha mashine aulizwe saa zake za kazi kwa lugha anayoielewa, na asipangiwe saa za ofisi ambayo hajawahi kuiona.

Kwa uimara na wepesi wa kutumia ningeupa mfumo huu nyota nne kati ya tano. Kwa namna unavyojisasisha naupa mbili, na ya pili ni kwa sababu ya mpangilio wa saa za kazi, ambao ukishaufahamu unafanya kazi. Bado ninautumia, kwa kuwa wateja wangu wanatumia na wamefundishwa huohuo, na kuuhama ni kuwahamisha na wao. Kwenye kalenda ya ukutani, juu ya printa, kila Jumatano inayofuata Jumanne ya pili nimeizungushia wino mwekundu, na msaidizi wangu anajua kwamba siku hiyo kazi ya mteja huhifadhiwa kila baada ya ukurasa, na flashi haichomolewi mpaka nakala ya pili iwe imeingia kwenye simu yangu.